Mashua Iliyotutazama

Siku ya tatu baada ya kumzika mke wangu Sechelela, alikuja mzee mmoja na mkongojo, amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa linachoma. Alisalimia waombolezaji mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi. Sikumjua. Alinishika mkono, hakuuachia, akaniambia kwamba yeye ni mmoja wa wale kumi na mmoja. Nikamwuliza kumi na mmoja gani, ingawa nilijua. "Wa mkonge," akasema. "Mimi nilikwenda kwa neno lako, Ndahani." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayejitambulisha, kisha akaketi, akala ugali na mlenda aliowekewa, akatueleza habari za wajukuu wake na goti linalomsumbua, akaaga. Lakini neno lake halikuaga. Tangu siku ile nikikaa peke yangu barazani linakaa nami, na sasa kwa kuwa Sechelela hayupo, hakuna tena mtu mwingine aliyekuwamo ndani ya chumba tulichoandikia watu kazi ya mkonge ambaye naweza kumwuliza kama ninakumbuka sawasawa. Kwa hiyo naandika, kabla mimi mwenyewe sijaanza kujidanganya.

Sitaanza na ukoo wetu wala na nilivyozaliwa. Hayo yanajulikana na hayana faida hapa. Ilikuwa wakati wa Mdachi, reli imefika Dodoma juzi juzi tu, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, mwenye mke mchanga na Kiswahili nilichokiokota kwenye kambi za misafara kule Kilimatinde kama mtu aokotavyo kuni, kirefu na kifupi, mradi kiwake. Nilikuwa pia mtu wa wasiwasi. Wengine huzaliwa na kovu, mimi nilizaliwa na wasiwasi. Nikifunga zizi narudi mara mbili kutazama kama nimelifunga. Mwaka ule alikuja Mdachi mmoja, wakala wa mashamba ya mkonge ya upande wa Tanga, akapanga chumba nyuma ya duka la Mhindi karibu na stesheni, akatangaza kwamba anataka mkalimani wa Kigogo. Aliniuliza kama nimewahi kuona bahari, kwa sababu watu atakaowaandika wangeshuka kwa gari moshi mpaka Dar es Salaam, na kutoka pale wangepanda meli. Mkalimani asiyeijua bahari angewaambia nini? Nikamjibu kwamba nimeiona Bagamoyo, nilipokwenda na msafara wa pembe. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijafika hata Morogoro. Akaniuliza ikoje. Nikasema ni kubwa sana, na inanuka kama mvua. Alinikazia macho kidogo, kisha akaniandika kazi, na tangu siku hiyo nikawa naogopa kila mtu aliyetoka pwani.

Chumba kile nakiona mpaka leo. Kuta za matofali mabichi, paa la bati lililopiga kelele upepo ulipovuma, na Dodoma upepo haukosi. Meza moja, viti viwili, kasha la vyeti ambavyo watu waliviita vipande, na ukutani, mkabala na mlango, picha kubwa ya rangi, pana kama kitanda cha watu wawili. Bwana yule aliisafirisha kutoka kwao imefungwa ndani ya mablanketi. Ilikuwa picha ya tukio la zamani, enzi za babu yake. Merikebu kubwa imelalia ubavu juu ya mwamba, mlingoti mmoja umevunjika, watu wananing'inia kwenye kamba na wengine wanatupa mizigo majini. Mawimbi yalikuwa ya kijani na meusi, marefu kupita merikebu yenyewe. Na upande wa chini, karibu na sisi watazamaji, palikuwa na mashua ndogo yenye wapiga makasia sita, nyuso zao zimetuelekea, midomo wazi, nywele zimelowa. Na mtu wa saba amekaa kwenye ncha ya karibu nasi, kisogo kwetu, ameshika usukani. Watu wa stesheni wakampa wakala jina la Bwana Mawimbi. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuipangusa picha ile vumbi kwa kitambaa kibichi. Mwaka wenyewe ulikuwa wa ukame, wanawake wanatembea mbali sana kutafuta maji, nami naloweka kitambaa kusafisha bahari.

Bwana Mawimbi hakuelewa kwa nini watu wanaingia, wanatazama ukutani, wanatoka. Mimi nilielewa. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mpagazi alisimama mbele ya picha ile muda mrefu, akaonyesha kwa fimbo wale watu wanaotupa mizigo, akawaambia wenzake kwamba yeye msafara anaujua: wapagazi wakitupa mizigo bila kuamriwa, basi mwenye msafara amekufa au msafara wenyewe umekufa. Wakatoka wote. Nilimshauri Bwana aiondoe picha, au aigeuze ukutani mpaka watu wamalize kuweka dole gumba kwenye vipande. Alikasirika. Alisema ni heshima ya nyumba yao, babu yake yumo ndani ya mashua ile, na watu waelezwe tu kwamba ni jambo la zamani, siku hizi meli ni za chuma. "Wewe sema hawa watu naokoa wengine," aliniamuru, akigusa mashua kwa kidole. Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha, hakikuwa na nafasi ya maelezo, nami sikuthubutu kuuliza zaidi, maana mtu aliyefika Bagamoyo angeuliza nini? Kwa hiyo nikaitafsiri picha kwa akili yangu mwenyewe. Nilitazama zile nyuso sita zinatutazama sisi, nikaona jambo ambalo macho ya mtu yeyote wa kwetu yangeliona. Mtu hutazama anakokwenda. Hawa wametoka merikebuni, wameokoka, wanakuja nchi kavu. Nikaanza kuwaambia watu hivyo, nao wakaanza kukaa.

Miongoni mwa waliotaka kwenda alikuwa Mazoya, ndugu wa mke wangu, mtoto wa mwisho wa mama yake, kijana mrefu mwenye mabega yaliyoinuka kidogo kana kwamba anasikia baridi. Kwao ni Makutupora, na ukame ule ulikuwa umewachinjia ng'ombe karibu wote. Alikuja kwetu mara tatu, akala uji wa uwele na mimi, akanieleza kwamba yuko tayari, ila hawezi kuondoka bila ruhusa ya mama. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na kijana anayeondoka mama amekataa ni kama amejilaani mwenyewe. Na mama alikuwa amekataa. Alikuwa amesikia kwamba ndani ya chumba cha Mdachi kuna picha ya maji yanayokula watu. Sechelela alinieleza kwamba mama yake halali, anamwita Mazoya usiku kuhakikisha yupo. Nilimwambia mke wangu, basi mama aje aitazame mwenyewe. Nilisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula ambacho hajakipika.

Lazima niseme hapa jinsi mambo yalivyo kwetu, maana vijana wa sasa wameyaacha. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawasemezani ana kwa ana. Mkikutana njiani mmoja hupisha kichakani. Kama kuna neno, hupitia kwa mke, hata kama nyote mmesimama chumba kimoja na kila mmoja anasikia. Mimi tangu nioe nilikuwa naujua mgongo wa mama mkwe wangu, kaniki yake na miguu yake. Uso wake sikuwahi kuuona sawasawa. Alikuja asubuhi moja na Sechelela, akaingia akiwa amenipa ubavu, akasimama mbele ya picha. Mimi nikasimama nyuma upande wa mlango, nikitazama picha hiyo hiyo. Kwa namna ile hatukuvunja heshima, macho yetu yote yalikuwa ukutani. Kisha akamwambia Sechelela amwulize mumewe, wale wa kwenye mashua wanamtazama nani. Nikasema wanatutazama sisi. Akauliza, basi wanakuja? Nikasema ndiyo, wametoka kwenye hatari, wanarudi kwa watu wao. Na yule aliyegeuza kisogo? Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikasema huyo anaangalia nyuma, kuhakikisha hakuna mwenzao aliyebaki.

Alisogea karibu, akamnyooshea kidole kijana mmoja kati ya wale sita, mdogo kuliko wote, asiye na kofia, mabega yameinuka. Akamwambia Sechelela, "Huyu amekaa kama Mazoya." Sauti yake ilikuwa imelegea, na mimi nikafurahi. Nasema wazi, nilifurahi. Nilijiona fundi. Aliuliza swali moja la mwisho, kama mumewe ameiona bahari kwa macho yake, na Sechelela akageuka kunitazama, maana yeye alijua kwamba tangu nizaliwe sijawahi kulala mbali na Kilimatinde na Dodoma. Nikasema nimeiona. Sechelela akageuka tena, akamwambia mama yake, "Anasema ameiona." Hakusema ameiona, alisema anasema. Nililitambua neno lile, likanichoma, nikalimeza. Ijumaa yake Mazoya aliweka dole gumba, na kwa kuwa mama yule aliheshimiwa Makutupora yote, wengine kumi wakamfuata.

Jumapili iliyofuata Bwana Mawimbi alimwalika chakula cha mchana Mgiriki mmoja, mkandarasi aliyejenga madaraja ya reli. Mgiriki hakujua Kidachi, Mdachi hakujua Kigiriki, kwa hiyo wakasemezana Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake, nami nimesimama karibu ili niwashikie neno likianguka. Walikula nyama ya kopo na viazi vya kuchemsha. Gari la kuwachukua wale kumi na mmoja lilikuwa la kesho yake asubuhi. Walipokwisha kula, Bwana Mawimbi, kwa kumfurahisha mgeni, aliniambia nieleze picha kama ninavyowaeleza Wagogo. Nikaeleza. Merikebu imevunjika, hawa sita na mwenzao wametoka, wanarudi nyumbani, tazama nyuso zao. Mgiriki alianza kucheka kabla sijamaliza. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akageuza kiti chake, akakaa ameupa mlango mgongo, akashika makasia ya hewani, akayavuta kifuani, na kila alipovuta kiti kilisogea kidogo kuelekea mlangoni, kinyumenyume. "Mimi mtu ya kisiwa," akasema. "Hivi ndiyo piga kasia. Naona kule natoka. Kule nakwenda sioni. Moja tu naona mbele, huyu ya usukani." Akainuka, akaniuliza, "Wewe bahari umeona wapi?"

Nilimtazama Bwana Mawimbi nikingoja anifukuze. Wala hakukasirika. Alisema alijua tangu siku ya kwanza, kwamba mtu aliyeiona bahari hawezi kusema inanuka kama mvua. Kisha akaitazama picha, akaanza kumweleza Mgiriki, polepole, akitafuta maneno, nami naomba Mungu asiyapate. Mashua ilikuwa inakwenda, haikuwa inarudi. Watu saba wa kijiji cha babu yake walitoka nchi kavu kuwaokoa wa kwenye merikebu. Hawakuifikia. Wimbi liliipindua mashua katikati ya njia, na wa merikebuni wakatazama, kisha nao wakafa wote. Aliyetupwa ufukoni akiwa hai alikuwa mmoja, yule wa usukani, babu yake. Kijiji kikamlipa mchoraji achore ili wasisahauliwe. "Sura yote unaona hapa ni ya maiti," alisema. "Huyu hana sura, huyu peke yake napona." Mgiriki alikuwa ameacha kucheka, akajigusa kifua kwa namna ya dini yao. Na Bwana Mawimbi, kabla ya kuniruhusu kwenda, aliniambia kitu ambacho nimekibeba kuliko yote: nisibadilishe maelezo yangu. Yangu ni mazuri zaidi, alisema, na watu wanayapenda.

Nilitoka pale nikizunguka stesheni kama kuku mwenye yai la kutaga. Niliweza kwenda Makutupora. Ilikuwa mchana, miguu ninayo, njia naijua. Nilitembea mpaka nje ya mji, nikasimama, nikarudi. Nilijiambia kwamba picha ni ya zamani na meli za sasa ni za chuma. Nikajiambia kwamba nikisema, nitakuwa mwongo mara mbili, mwongo wa bahari na mwongo wa picha, na mama mkwe atamchukua binti yake siku hiyo hiyo. Hilo la pili ndilo lililonirudisha. Sikumfikiria Mazoya, nilijifikiria mimi na nyumba yangu ya mwaka mmoja. Nimezeeka sasa, naweza kulisema bila kulipamba.

Mazoya mwenyewe alikuja kwetu alasiri, kifurushi mgongoni, ili asichelewe gari. Sechelela alimpikia ugali na kuku mmoja aliyekuwa amebaki. Mke wangu alipotoka kwenda kuazima chumvi nilimwambia Mazoya kila kitu, haraka, nikitazama mlango. Alisikiliza akitafuna. Nilidhani atanipiga. Aliniambia, "Shemeji, mimi sikuwekewa dole na picha. Njaa ndiyo imenishika mkono. Lakini mama amenipa ruhusa kwa ile mashua, na anaanza kulala. Iache." Nikamwuliza, na likitokea jambo? Akasema likitokea jambo atakuwa hayupo kunilaumu. Sechelela akarudi na chumvi, tukala. Nilikula sana siku ile, kwa aibu. Asubuhi nilijifanya nina homa, nikajifunika shuka, nikasikia filimbi ya gari kutoka kitandani. Sechelela na mama yake ndio waliokwenda kumsindikiza.

Baada ya hapo mama mkwe alianza kuja. Kila alipoleta mlenda mkavu au mkaa sokoni, alipitia chumba cha Bwana Mawimbi, amefuatana na Sechelela, akasimama mahali pale pale na kuomba picha isomwe. Bwana Mawimbi hakumzuia; alisema anawatia watu moyo. Nami nilisoma. Wametoka kwenye hatari, mama, wanarudi. Alikuwa anamtafuta yule asiye na kofia, anamtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyelala, kisha anaondoka. Nilizijua siku zake za soko na nikazichukia. Nikisikia hatua zake kwenye kokoto nilikuwa naomba Bwana aniite, gari lipige filimbi, jambo lolote litokee. Sechelela naye alikuwa anayapeleka maneno yangu yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza, ila nyumbani alikuwa amepunguza kuniongelesha. Sikumwambia ukweli. Nadhani aliunusa, kama mwanamke anusavyo chungu kinachoanza kuungua.

Mvua zilinyesha, zikaisha, mtama ukavunwa, na mmoja wa wale kumi na mmoja akarejea na habari. Meli iliwafikisha salama wote. Bahari haikumgusa hata mmoja. Mazoya alifanya kazi ya mkonge miezi kadhaa, akashikwa na homa, akapelekwa hospitali ya shambani, hakutoka. Mwenzake hakuona kaburi, aliambiwa tu na msimamizi. Ukoo ukakusanyika Makutupora. Kwetu mfiwa hunyolewa nywele, na mpaka mama anyolewe, msiba haujaanza, na usipoanza haumaliziki: mali ya marehemu haigawiwi, ndugu zake hawaoi, na mwenyewe huko aliko hapati pa kukaa. Mama mkwe alikataa wembe. Aliwaambia wazee kwamba aliyeleta habari hakuona mtu akizikwa, bali yeye ameona mashua kwa macho yake, mara nyingi, na waliomo wanakuja. Walimbembeleza, wakamtisha, wakamletea mganga. Akakonda. Alikuwa akitenga chakula cha Mazoya kila jioni, na asubuhi anawapa mbwa. Sechelela alirudi kutoka huko macho yamevimba, akakaa kizingitini, akaniambia, "Ndugu yangu hajaliliwa hata na mtu mmoja. Wewe una neno gani nami silijui?" Nilimwambia sina neno. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho katika jambo lile, na ulikuwa mbaya kuliko yote, maana niliusema nikiwa nimemwona analia.

Wiki ile ile mama mkwe alikuja tena mjini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linaingia mlangoni na kufika nusu ya sakafu. Bwana Mawimbi alikuwa stesheni. Mama aliingia na Sechelela, akasimama mahali pake, nami mahali pangu. Nilikuwa nimekwisha fungua mdomo nianze, wametoka kwenye hatari, mama, lakini hakuniomba nisome. Alisogea karibu na yule asiye na kofia, akamwangalia mikono, akamwambia Sechelela, bila kugeuka, amwulize mumewe neno moja. "Hawa watu wamechoka. Mwaka mzima wanavuta. Mbona hawafiki?"

Sechelela hakunigeukia. Nilisikia bati linalia, na mashine ya cherehani ya fundi wa barazani kwa Mhindi. Nilikuwa na majibu. Mtu mwenye mdomo kama wangu hakosi majibu. Ningesema upepo, ningesema bahari ni pana. Lakini nilimwona Sechelela amezikunja ncha za kanga yake kwenye ngumi, akijiandaa kulibeba tena neno langu mpaka kwa mama yake, nikaona siwezi kumtwisha tena.

"Sechelela," nikasema, "mwambie mama hawaji. Anayepiga kasia hukaa kinyume. Uso huangalia alikotoka, na kisogo ndicho kinachotangulia. Hawa walikuwa wanakwenda kwenye merikebu, na hawakurudi. Mwambie mimi nilijua hivyo siku moja kabla Mazoya hajaondoka. Na mwambie sijapata kuiona bahari."

Mke wangu hakupeleka neno. Alisimama ameinamisha kichwa, midomo imefungwa, na mimi nikangoja maneno yangu yavuke zile hatua tatu kama desturi ilivyotaka. Hayakuvuka. Hapakuwa na haja, mama alikuwa amesikia, kama alivyokuwa anasikia siku zote. Akageuka. Aligeuka mzima mzima, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi Sechelela atakavyokuwa akizeeka.

"Nimesikia, mkwe," akaniambia mimi mwenyewe. "Mazoya naye alikwenda hivyo. Alikaa mlangoni mwa behewa la nyuma, miguu inaning'inia, uso kwangu. Gari likamvuta ananitazama mpaka alipoisha. Nami nikarudi nyumbani nikisema, huyu mtoto anakuja."

Alijifunga kaniki yake vizuri, akampita binti yake, akasimama mlangoni akiwa ametugeuzia mgongo, na kwa sauti ya kawaida akamwambia Sechelela wapitie dukani kwa Mhindi wanunue wembe.